Moshi wa Rangi Gani?

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto huanika kila ila ya injini. Ndani ya kilomita 30 na ushee inapanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Pikapu zinazoshuka alfajiri zimebeba kabichi, karoti na pilipili hoho za masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Zinazopanda zimebeba saruji, mabati na makreti ya soda. Iliyo nzima hupanda ikinguruma. Yenye ugonjwa huishia pembeni, boneti wazi, jiwe nyuma ya tairi, dereva amekaa kivulini akisubiri ipoe.

Kusubiri ipoe ndiko kulikonifikisha kwa fundi ninayetaka kumzungumzia. Nilikuwa nimepewa lifti na mfanyabiashara wa mboga mwenye Hilux ya mwaka 1996, ya dizeli, yenye injini ambayo mafundi wote wa ukanda huu wanaiita 3L: silinda 4, sentimita za ujazo 2,779, haina turbo, haina kompyuta ya kuulizwa shida yake. Ikiwa baridi ilivuta kama jipya. Ikishapanda kwa dakika 20 hivi ikapata moto, ililegea. Unakanyaga mafuta mpaka chini, haijibu. Pale ilipokuwa ikipita na gia ya tatu sasa inataka ya pili, halafu ya kwanza, halafu inataka kulala. Ukiizima ukakaa dakika 40, inaamka yenyewe, inaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwenye gari alikuwa amehangaika nayo miezi mitatu. Alibadilisha filta ya dizeli mara mbili, akanunua eya klina mpya, akapeleka nozeli kusafishwa na kupimwa. Mwishowe fundi mmoja akamwambia pampu ya dizeli imekufa, atafute nyingine. Bei aliyotajiwa ilikuwa ya ng'ombe wawili wa maziwa. Alikuwa ameshampata mnunuzi wa ng'ombe wa kwanza siku tuliposimama Mombo, chini ya mwarobaini, kwenye gereji bubu ya mzee ambaye watu walimwelekeza kwake kwa maneno mawili tu: "huyo anasikiliza."

Nilidhani wana maana anasikiliza injini. Kumbe alianza na watu.

Baada ya shikamoo na marahaba, mzee hakugusa boneti. Alivuta kigoda, akauliza inachofanya, inaanza wapi, baada ya muda gani, mzigo ukiwepo au hata tupu, mvua ikinyesha au jua likiwaka, tenki likiwa limejaa au likikaribia kuisha. Halafu akauliza swali ambalo kwa miezi mitatu hakuna aliyeliuliza:

"Ikikosa nguvu, moshi unakuwa wa rangi gani?"

Mwenye gari akabaki kimya. Dereva huangalia mbele. Aliyejibu ni tingo, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, ambaye siku zote hukaa nyuma juu ya mzigo: "Hakuna moshi, babu. Ikivuta vizuri kunakuwa na moshi kidogo mweusi kwenye kona. Ikichoka, moshi unapotea kabisa."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, na nadhani hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: eya klina imeziba, nozeli zinamwaga badala ya kupuliza ukungu. Moshi mweupe ni dizeli iliyopita bila kuungua, au maji yaliyoingia silinda. Moshi wa buluu ni oili. Injini ya dizeli iliyokanyagwa mpaka chini, mlimani, yenye mzigo, isipotoa moshi wowote, basi haina cha kuunguza. Ina njaa. Ushahidi huo ulikuwa umekaa juu ya magunia miezi mitatu, na hakuna aliyefikiri tingo ana la kusema.

Hata hivyo mzee hakurukia jibu. Hiki ndicho nilichokipenda kwake kuliko vyote, na nilikitazama siku nzima bila kuchoka: aliyaondoa mengine kwanza, kwa vitu visivyogharimu hata senti. Aliuliza kama injini hupiga kelele ikipanda huku gari likibaki nyuma. Hapana, basi klachi haitelezi. Aliuliza mshale wa joto unasimama wapi. Katikati, siku zote, basi injini haichemshi. Alituambia tuizungushe mpaka njia kuu na kurudi, kisha akapita kwenye matairi yote manne akigusa ringi kwa mgongo wa mkono, jinsi mama anavyompima mtoto homa. Breki zikiwa zinashika zenyewe, kwa mfano tundu dogo ndani ya masta silinda limeziba na mafuta ya breki yanatanuka kwa joto bila pa kurudi, gari hulemewa kadiri linavyopata moto, na mwenyewe ataapa kwamba injini imekosa nguvu. Ringi za breki zinazoshika zitaunguza mkono. Hizi zote nne zilikuwa vuguvugu sawasawa. "Breki haimo," akasema, na hakurudi tena kwenye breki.

Kwenye tawi la mwarobaini ule mzee ametundika waya, na kwenye waya ametunga vitu vilivyokufa. Kuna koili ya Peugeot 504, zile pikapu za petroli zilizobeba nchi hii kabla Hilux hazijashika njia zote. Ndani ya koili nyaya zake nyembamba zikipata moto hutanuka, insulesheni iliyopasuka inaachia, cheche inadhoofu, gari linakohoa na kuzima. Ikipoa nyaya zinajibana, cheche inarudi. Kuna kondensa ya distributa yenye tabia hiyohiyo. Kuna pampu ya petroli ya zamani, kumbukumbu ya siku ambazo petroli ilichemka kwenye bomba ikawa mvuke, na dereva akapita mlima kwa kufunga tambara bichi juu ya pampu. Wanafunzi wake wawili hujifunza kwenye waya ule. Nilimsikia akimwuliza mdogo wao, akiwa ameshika koili mkononi: "Hii baridi ni nzima au mbovu?" Kijana akajibu: "Baridi ni nzima." "Kwa hiyo utaipimaje?" "Mpaka iive, babu."

Kuiva ndilo neno lao. Ugonjwa unaotoka na joto hauwezi kutafutwa gari likiwa limelala chini ya mti. Inabidi uende ukaukute nyumbani kwake. Kwa hiyo tulipanda Hilux, mzee mbele, mimi na tingo na mwanafunzi nyuma, na mifuko ya saruji ileile iliyokuwamo. Mzee alikataa isishushwe.

Kabla hatujafika Soni ikalegea. Nikiwa nyuma niliuona kwa macho yangu moshi mwembamba mweusi ukififia mpaka ukaisha, kama tingo alivyosema. Gia ya pili, ya kwanza, tukasimama. Mzee akashuka na tambara na chupa ya maji, akafungua boneti, akalaza tambara bichi juu ya pampu ya dizeli.

Hapa inafaa nieleze, maana pampu hii inastahili heshima. Ni chombo unachoweza kukibeba mkononi kama mkungu mdogo wa ndizi, na ndani yake kuna pistoni moja tu inayohudumia silinda zote nne, ikizunguka na kusukuma kwa wakati mmoja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni hiyo inatoa dozi 6,000 za dizeli kwa dakika, 100 kila sekunde, kila dozi kwa silinda yake na kwa wakati wake. Nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni sehemu chache za elfu za milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Haina oili. Dizeli inayopita ndiyo inayoilainisha. Ndiyo maana dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa huikwangua taratibu, na ndiyo maana wenye magari wengi hawakunung'unika sana mwaka 2011 Tanzania ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wachakachuaji, ingawa waliowasha vibatari walikuwa na haki yao ya kulalamika.

Pampu ikichakaa, ile nafasi inapanuka. Dizeli baridi ni nzito kidogo, inaziba pengo, pampu inasukuma. Ikipata moto dizeli inakuwa nyepesi, inarudi kupitia pengo badala ya kwenda kwenye nozeli, na gari linakosa nguvu, au linagoma kuwaka mpaka lipoe. Ipoze pampu kwa tambara. Ikirudisha nguvu, umeipata. Fundi aliyesema pampu imekufa hakuwa mjinga. Alikuwa amesikia neno "ikipata moto" na akakumbuka pampu. Alichokosa ni kuiuliza pampu yenyewe.

Mzee aliiuliza. Tambara likatoa mvuke, akalilowesha tena, akangoja, akamwambia mwenye gari awashe na ajaribu. Iliwaka mara moja, ikasogea mita chache, ikalegea tena. Mwenye gari akamtazama kwa matumaini: "Kwa hiyo si pampu?"

"Sijasema hivyo," mzee akajibu. "Nimesema tambara halikusaidia. Tungoje ipoe, tushuke."

Tulingoja. Nilijifunza siku ile kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa. Mzee alikaa juu ya jiwe akamenya chungwa, akagawa vipande kwa kila mtu akianza na tingo. Hakubahatisha kitu, hakufungua hata nati moja kwa sababu tu mikono ilikuwa mitupu. Nimewaona mafundi wengi, wazuri kwa mikono, ambao hawawezi kustahimili dakika 40 hizo. Mwisho wa kungoja unakuta wamefungua vitu vitano, na gari sasa lina magonjwa mawili.

Kurudi Mombo akachukua kidumu cha lita 5, akakiosha kwa dizeli mara mbili, akakijaza, akakifunga kwa kamba pembeni ya injini mbali na eksozi. Akachomoa mpira unaoingia kwenye pampu, akaweka mwingine unaotoka moja kwa moja kwenye kidumu, wa plastiki angavu unaoonyesha ndani. Mpira wa kurudishia mafuta nao akauingiza kidumuni. Wengi huusahau huo. Pampu hii huvuta dizeli nyingi kuliko inayounguza, ipate kujipoza, na inayobaki huirudisha. Usipoipa pa kurudishia kidumu kitaisha njiani, au utapata matokeo ya uongo. Kwa gari la petroli asingethubutu kufanya hivi, alisema hivyo waziwazi kwa wanafunzi, wasije wakaiga.

Maana ya kidumu ni kugawa gari vipande viwili. Tenki, bomba, filta na mipira yote ya nyuma imetolewa mchezoni. Imebaki pampu, nozeli na injini. Ikilegea tena, ugonjwa uko mbele. Isipolegea, uko nyuma. Sijui namna nzuri zaidi ya kuliuliza gari swali ambalo haliwezi kulikwepa.

Tulipanda. Dakika 20 zikapita, tukapita pale tuliposimama asubuhi, tukaifikia Soni, na kwenye ile kona kali ya maporomoko, ambayo mwenye gari alisema tangu zamani huipita kwa gia ya tatu, tuliipita kwa gia ya tatu. Moshi mweusi mwembamba ulikuwepo muda wote. Tingo akapiga kofi juu ya kabini. Mwenye gari aliegesha pembeni akazima, akainamia usukani, na nikadhani anaomba. Ng'ombe wake wamepona.

Kuna mafundi ambao hapo wangebadilisha kila kilichoko nyuma: tenki lisafishwe, bomba jipya, mipira yote mipya. Gari lingepona, na hakuna ambaye angejua lilikuwa linaumwa nini. Mzee alirudisha mpira wa zamani mahali pake, akatupandisha mara ya tatu.

Injini hii haina pampu nyingine ndani ya tenki. Pampu ileile ya mbele huvuta dizeli kutoka nyuma kabisa, chini ya bodi, kupitia bomba refu la chuma, kipande cha mpira, kisha filta. Juu ya filta kuna kipampu cha mkono, kitufe kipana cha kubonyeza kwa kiganja unapotoa upepo. Gari likawa limelegea, likiwa bado linanguruma, mzee akafungua boneti, akakiangalia kitufe kile, akamwita mwanafunzi: "Njoo uone. Usikiguse."

Kitufe kilikuwa kimezama. Hakuna aliyekibonyeza. Kilikuwa kimevutwa chini na njaa ya pampu.

Basi haikuwa upepo unaoingia. Upepo ungeonekana kama mapovu, na kitufe kingebaki juu. Hapa kulikuwa na kizuizi, kati ya filta na tenki. Mzee akamtuma tingo afungue kifuniko cha tenki. Kama tundu lake la kupumulia limeziba, ungesikia hewa ikiingia kwa mluzi na kitufe kingeinuka. Hapakuwa na mluzi, na kitufe hakikuinuka. Kilichobaki ni bomba la chuma, ambalo halibadiliki kwa joto, na kile kipande cha mpira, kama shibiri moja, kilichopinda nyuma ya injini kuliunganisha bomba na filta.

Alikishika kwa vidole viwili. Kwa macho kilikuwa kizima, cheusi, hakina ufa, klipu zimekaza. Akanipa zamu nami nikishike. Kilikuwa laini kama embe lililopitiliza, na katikati ya pindo kilikuwa kimebonyea bapa. Mzee akaashiria injini izimwe. Ilipozimwa, na mvuto ukapungua polepole, mpira ukavimba kidogo chini ya vidole vyangu, ukarudi kuwa duara. Nakumbuka hisia ile mpaka leo. Miezi mitatu ya hasara ilikuwa ikipumua mkononi mwangu.

Kulikoni? Mtu fulani zamani, katika matengenezo ambayo hakuna aliyeyakumbuka, aliweka mpira wa maji mahali pa mpira wa mafuta. Unafanana nao, unaingia sawasawa, na ni wa bei rahisi. Dizeli huulainisha na kuuvimbisha kwa ndani. Ukiwa baridi una ugumu wa kutosha kustahimili. Pampu ikivuta, uwazi wa ndani hupungukiwa na mgandamizo, na hewa ya nje, ambayo huku chini hubana kila sentimita ya mraba kwa karibu kilo 1, husukuma kuta za mpira kwenda ndani. Joto la injini likishaulainisha, zinashindwa, zinalaliana, na pampu inabaki inanyonya mlango uliofungwa. Zima injini, mpira unapoa, unafunguka. Kila fundi aliyeukagua gari likiwa limelala aliona mpira mzima, na alichokiona kilikuwa kweli.

Mpira mpya wa mafuta, wenye nyuzi ndani yake, ulinunuliwa dukani Mombo kwa pesa ambayo mwenye gari alikuwa nayo mfukoni pamoja na chenji ya chakula cha mchana. Mzee aliufunga, akatoa upepo, akapangusa pale palipomwagika. Ule wa zamani akaupasua kwa wembe kwa urefu, akawaonyesha wanafunzi ngozi ya ndani iliyovimba na kuachana na ya nje kama ulimi, kisha akautunga kwenye waya, jirani na koili ya Peugeot.

Ilikuwa inakaribia saa kumi. Mwenye gari akatoa pesa. Mzee akachukua ya ufundi wa siku moja, akaihesabu mbele yake, lakini akamwambia: "Hii nimeishika tu. Ukifika, piga simu."

"Lakini fundi, si imepona? Inanguruma vizuri."

"Sasa hivi imepoa, mwanangu. Hata jana ikipoa ilikuwa inanguruma vizuri."

Waliondoka na saruji yao. Mimi nilibaki, nikapata basi jioni. Mzee alipanga spana zake kwenye sanduku, namba kumi hadi ishirini na nne, kila moja mahali pake, akawaruhusu vijana wakaoge, lakini yeye hakunawa. Alikaa kwenye kigoda, mikono ikiwa na dizeli, simu juu ya goti. Ilipoita aliipokea kwa kifundo cha kidole ili asiichafue, na hakuuliza kama wamefika salama, maana hilo lilikuwa dhahiri.

"Ile kona ya maporomoko," akasema, "umeipita na gia ya ngapi?"

Akasikiliza. Halafu akainuka, akaenda kwenye ndoo, akachukua sabuni.